Vidole vya Klara

Shamsa aliunguza wali. Alikaa, akainuka, akachungulia Mtaa wa Msimbazi, akakaa tena. Pindoni mwa kanga alifunga karatasi aliyopewa na mjomba wake, Bushiri.

Bushiri alikuwa msimamizi wa mashine ya kusaga viungo, pale Shamsa alipofanya kazi. Miaka ile biashara mpya zilifunguliwa kila uchochoro wa Kariakoo, na kila tajiri alikuwa na haraka. Kinga ya mkanda wa mashine ikatolewa, kazi iende mbio. Juzi mkanda ukamkata Klara, mwenzake Shamsa kazini, vidole viwili.

"Tia sahihi," Bushiri alimwambia alipompa ile karatasi. "Klara aliumia kwao, akikuna nazi."

"Mjomba! Mbuzi ya nazi inakata vidole viwili?"

"Wee! Nani alikutafutia kazi? Kesho nataka karatasi."

Mlango ukagongwa. Alikuwa Chandrika, jirani wa chini, mstaafu wa ofisi ya kazi.

"Shamsa, unachoma nyumba?"

"Shikamoo, Mama Nirav. Wali tu."

"Marahaba. Wali tu, na macho mekundu? Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Ukikifunika kinaoza, ukikifunua kinapona."

Shamsa alijua ni kidonda. Alifungua pindo la kanga.

Chandrika alisoma. "Usitie sahihi. Mtu akiumia kazini, sheria inamtaka mwajiri awape taarifa wakaguzi wa usalama kazini. Uongo huu utamnyima Klara fidia."

"Nikisema nitafukuzwa."

"Sheria inakataza kumfukuza au kumpunguzia mshahara aliyewapa wakaguzi ukweli. Usipige kelele sokoni. Nenda ofisini kwao. Taja siku, saa, ulichokiona. Usitie chumvi. Waombe wafiche jina lako. Ukionewa, rudi."

"Na mjomba?"

"Mjomba atanuna. Klara mkono umebaki na vidole vitatu."

Asubuhi Shamsa aliupita mlango wa ofisi mara mbili. Mara ya tatu akaingia.

Mkaguzi alikuja, akazima mashine. Tajiri akaandika taarifa ya ajali, kinga ikarudi. Lakini Bushiri alikisia ni nani aliyesema. Akampa Shamsa ufagio na nusu mshahara. Shamsa hakulia. Alirudi kwa mkaguzi, na baada ya siku tatu akarudishiwa kazi yake na mshahara wake wote.

Klara alipopata fidia yake, alikuja kazini kuwasalimu wenzake. Aliishika kinga kwa vidole vitatu, akaitikisa kwa nguvu. Haikucheza.

"Haya, washeni," akasema.

Bushiri ndiye aliyewasha.