Maharage Yaliyorudi Kanisani

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya kufua sare zake za shule, Mdadisi alimfuata mama yake kwenye stoo ya kanisa. Jina hilo alibandikwa na baba yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakuchoka kuuliza. Kazi yao ilikuwa kufunga chakula kilicholetwa na waumini na kukipeleka kwa familia zenye uhitaji. Mama alipima maharage kwa kopo. Mdadisi alifunga vifuko kwa vipande vya kitambaa.

Jumamosi moja, alipokuwa akipanga vyakula vipya vilivyotolewa, alishika kifuko kimoja akakigeuzageuza.

"Mama, fundo hili ni langu! Na kitambaa ni cha gauni langu lililochanika. Si tulikigawa wiki iliyopita?"

"Basi aliyepewa amemkumbuka mwenzake. Funga, mwanangu, jua halitusubiri."

"Lakini mtu mwenye njaa anarudishaje chakula?"

"Yaulize maharage," Mama alijibu huku akicheka.

Maharage hayakumjibu. Hata hivyo, Mdadisi alikumbuka vizuri kwamba kifuko hicho alikipeleka kwa mshonaji, mama yake Kasuku. Kasuku alikuwa rafiki yake wa dawati moja, aliyeitwa hivyo kwa kupenda maneno. Siku hizi alilaza kichwa juu ya dawati tangu kipindi cha kwanza, na mwalimu alikwisha kuonya kwamba akiendelea hivyo atarudia darasa.

Jioni Mdadisi alibisha hodi kwao. Chumba kilikuwa kimoja: cherehani mlangoni, kitanda nyuma ya pazia, na jiko la mkaa lililoegemezwa ukutani, halina hata jivu. Alimwamkia mshonaji, kisha akamgeukia rafiki yake.

"Kasuku, mbona mlirudisha maharage?"

Kasuku akaruka kama aliyekanyaga moto. "Nani amekutuma? Umekuja kufunua sufuria zetu ukatutangaze shuleni?"

"Sikutumwa. Nataka kujua tu."

"Kujua, kujua! Wewe hushibi kujua?"

Mshonaji alisimamisha cherehani. "Mwache mwenzio. Anayeuliza hana ubaya. Wanaojibunia majibu ndio hutuumiza. Mwanangu, maharage yale yalikaa makabatini mwa watu mpaka yakawa kokoto. Ya kwanza niliyachemsha tangu asubuhi hadi jioni. Mkaa ukaisha, nayo bado yanalia kwenye meno. Kutupa chakula ni dhambi, na kuuza sadaka ni aibu. Ndiyo maana haya mengine nikayarudisha."

"Kwa nini hukumwambia Mama?"

"Anayepewa akichagua, huitwa mwenye kiburi."

Mdadisi alitamani kukimbia nyumbani na habari hiyo, lakini macho ya Kasuku yalimzuia. Akasema polepole, "Naomba ruhusa nimweleze Mama, bila kutaja jina."

Mshonaji alimtazama binti yake. "Hapana. Nitasema mwenyewe. Ninyi wawili mtanisindikiza."

Jumapili, baada ya ibada, mshonaji alisimama mbele ya Mama na Mchungaji, akasema yote. Mama aliinamisha uso.

"Ni kweli," alisema. "Nyumbani tunapika mapya. Yaliyotushinda ndiyo tunayoleta hapa."

"Kumbe tumekuwa tukigawa kokoto kwa jina la Bwana!" Mchungaji alishika kichwa. "Dada, tufanye nini?"

"Leteni mkaa na sufuria kubwa. Nitayaloweka usiku kucha, niyapike hapa uani. Kabla ya kushona nilikuwa mpishi wa shule ya bweni. Na ninyi mje mle pia, ili asijulikane nani ni mgeni wa nani."

Ikawa hivyo. Familia zilipokezana kuleta mkaa na maharage ya msimu huo. Watoto walikula wakitoka shule, na jioni kila aliyetaka alibeba bakuli la kupeleka nyumbani. Haukupita muda, mwalimu akalazimika kumhamisha Kasuku dawati, safari hii si kwa usingizi bali kwa kelele.

Kisha ikaja Jumapili ambayo Mchungaji alitangaza changizo la nguo na vyakula kwa watu wa nchi ya mbali iliyopatwa na ukame. Mdadisi akanyoosha mkono katikati ya tangazo.

"Mchungaji, tumewauliza wanahitaji nini?"

Watu wakaangua kicheko. Mchungaji hakucheka.

"Ndugu zangu," alisema, "njaa ya dunia ni kubwa kuliko stoo yetu. Lakini mdomo unaokosa chakula haukosi maneno. Familia na ziendelee kutoa kilicho chema, kile ambacho zenyewe zingekula. Nalo kanisa litangulize sikio, mkono ufuate. Tukitoa bila kuuliza, tunajifurahisha wenyewe. Tukiuliza kwanza, tunampenda jirani."

Akakunja tangazo lake. "Changizo halijaanza. Kwanza naenda kuwapigia simu."