Selo Iliyonyamaza

Kila jioni, akitoka shuleni, Nekoye aliinjika chai jikoni mwao, mtaa wa Landless mjini Thika, kisha akaketi na selo, ile fidla kubwa inayosimamishwa katikati ya magoti. Siku hizi aliketi tu. Tangu wamzike nyanya yake, alikuwa kama aliyekufa ganzi. Hakulia, hakucheka, wala hakupiga hata noti moja.

"Mazoezi yanaendeleaje?" Mwalimu Wamboi alimuuliza kila wiki.

"Vizuri, Mwalimu."

Katika bendi ya shule uongo huo haukumsumbua. Wanafunzi walikuwa wengi, naye aliupitisha upinde juu kidogo ya nyuzi bila kuzigusa. Nani angejua? Lakini kwenye tamasha la muziki huko Ruiru walikuwa watatu pekee: Gachau kwenye piano, Jentrix kwenye fidla, na yeye. Hapo angejificha nyuma ya nani, jamani?

Siku ya tamasha ukumbi wa kanisa ulijaa. Mwanzo wa muziki ulikuwa wa piano na fidla, nao Gachau na Jentrix wakaupiga vyema. Kisha ikafika sehemu ya selo peke yake. Upinde wa Nekoye ukapita hewani, selo ikanyamaza. Gachau akarudia noti zake, akamtazama. Kimya tena.

"Ni nini?" Jentrix akanong'ona. "Si ulisema uko poa?"

"Nilidanganya. Sijafanya mazoezi. Sehemu hii siijui."

Jentrix alikasirika, na alikuwa na haki. Yeye na Gachau walikuwa wamejiandaa muhula mzima, kila mtu akijifunza sehemu yake nyumbani. Hata hivyo aliinua fidla yake.

"Nitapiga sehemu yako. Wewe shika zile noti ndefu za chini. Hizo unazijua?"

"Ndiyo."

"Basi twende."

Nekoye akagusa nyuzi. Sauti nzito ikamtetemesha kifua. Walimaliza pamoja, na watu wakapiga makofi.

Nje ya ukumbi Nekoye aliwaambia wenzake na mwalimu, "Nisameheni. Tangu Nyanya afe, sihisi chochote. Niliogopa mtanitoa."

Mwalimu Wamboi alimshika mkono. "Pole sana, mama. Kufiwa si kosa lako. Kosa ni kutudanganya, maana wenzako walikuja hapa wakikutegemea. Ungeniambia mapema, tungetafuta muziki mwepesi, au tungekungoja. Ukweli wameupata leo, tena mbele ya watu, na bado wamekubeba."