Piko la Saida

Siku walipokutana, Soko Kuu la Mtwara lilifurika watu wenye pesa za korosho. Zuberi, dereva wa lori la bandarini, aliingia dukani kumnunulia mama yake kanga, akatoka na namba ya simu ya muuzaji.

"Kaka, kanga umeisahau!" Saida alimwita akicheka.

"Nitaifuata kesho. Ila nikukute wewe."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa, na kila mara kanga ikabaki dukani. Mapenzi yakanoga.

Halafu Saida akagundulika ana ukoma. Baka dogo mkononi, lisilouma hata likifinywa, ndilo lililompeleka hospitali. Muuguzi alimtuliza: akishaanza dawa hamwambukizi mtu, na atapona kabisa, ila dawa zenyewe hugeuza rangi ya ngozi. Kweli, baada ya miezi michache, mikono ile aliyoisifia Zuberi ikaingia mabaka ya kahawia, kisha meusi. Saida alilia sana. Kila Zuberi alipokuja aliificha ndani ya baibui. Angeanzia wapi kumwambia? Akaenda saluni akajazwa maua meusi ya piko, toka vidoleni mpaka viwikoni, mabaka yasionekane.

Zuberi alipoingia dukani na kuiona mikono ile, aligeuka akaondoka bila hata salamu. Jioni akapiga simu.

"Hongera, bibie."

"Ya nini tena, laazizi?"

"Usiniite hivyo, mke wa mtu. Piko mpaka viwikoni, halafu useme hakuna ndoa? Kakuoa nani?"

Saida alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. Alikuwa anampoteza kwa kitu alichokipaka ili asimpoteze.

"Njoo kesho, Zube. Nikuonyeshe."

Alikuja amenuna. Saida akapandisha mkono wa baibui juu ya kiwiko, piko lilipoishia. Baka lilikuwa pale, jeusi.

"Nina ukoma. Natibiwa. Rangi hii ni ya dawa, itapotea taratibu nikimaliza dozi. Sina mume, Zube. Niliogopa utanikimbia."

Saida akataka kuushusha mkono wa baibui, lakini kiganja cha Zuberi kilishatua juu ya lile baka, kikatulia hapo.

"Na mimi jana nzima namtukana mwanaume ambaye hayupo," alisema kwa aibu. "Hilo piko linakaa muda gani?"

"Wiki mbili, likikaa sana."

"Basi mshenga anakuja kwenu Ijumaa. Lisifutike bure."

Saida alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Na kanga ya mama? Mpaka leo iko kabatini."

"Utampelekea mwenyewe, mkwe wake."