Iite Mpaka Ikate

Walikutana kwenye foleni ya duka kubwa, asubuhi, watu wamejaa mpaka mlangoni. Muuguzi alikuwa ametoka zamu, gauni jeupe limejikunja, naye anasinzia wima. Dereva wa gari la mikate, shati la bluu limepigwa pasi likanyooka, akatua kreti lake.

"Sista, foleni imesogea. Au tukuletee mto?"

"Niletee na shuka kabisa."

Muuguzi alicheka, mara ya kwanza wiki ile. Kuanzia hapo akawa anamwita Mkate.

Aliwahi kuachwa na mwanamume aliyekata mawasiliano bila hata kwaheri, kwa hiyo walipoanza kupendana alitoa sharti mapema. "Simu yangu isiite mara tatu. Ikifika ya tatu, najua nimeachwa."

"Haitafika hata ya pili, mpenzi."

Kweli haikufika. Kila asubuhi akitoka kazini hoi, miguu imevimba, alimpigia na kupiga soga naye mpaka anapojitupa kitandani. Alijua fika kwamba saa hiyo Mkate anasambaza mikate. Hakutaka kulifikiria.

Alhamisi moja alikuwa analalamika juu ya matroni wake. Mkate akasema, "Pole, mpen..." Simu ikakatika. Akapiga tena. Ikaita mara moja, mbili, tatu, mpaka ikakata.

"Kumbe wote ni walewale," akasema, akazima simu. Alilia kidogo tu. Usingizi ulimzidi nguvu.

Aliporudi wodini kwa zamu ya usiku alimkuta Mkate kitanda cha nne, paji la uso limeshonwa, shati la bluu lina damu.

"Mama niliyemgonga yuko wapi?" Mkate akauliza.

"Kitanda cha pili. Mguu umevunjika. Atapona."

"Sikumwona, Sista. Nilikuwa na simu sikioni. Nimemgonga mtu."

"Usiseme umemgonga." Muuguzi akamsogelea. "Tumemgonga."

Leseni ilifungiwa miezi sita. Kila Jumapili walikwenda pamoja kumwona yule mama, wakamfulia na kumpikia. Alikuwa mkali, hakuwasamehe upesi, nao hawakumlazimisha. Siku aliyotembea bila gongo aliwaambia waache kumjazia nyumba, waende wakaoane.

Njiani Mkate akamshika mkono. "Umesikia amri ya mama? Nioe basi, mchumba."

"Nitakuoa mimi tena? Haya. Ila sharti limebadilika."

"Lipi?"

"Ukiwa kwenye usukani, simu yangu iache iite mpaka ikate."

Walifunga ndoa bila makuu. Asubuhi ya siku Mkate aliporudishiwa gari, mkewe alitoka zamu amechoka kama kawaida, akakaa ukingoni mwa kitanda viatu vikiwa miguuni, akampigia kumpima. Ikaita mara moja. Mbili. Tatu. Moyo ulimwenda mbio, maana jeraha la zamani halikuwa limepona lote. Nne. Tano.

Ikakata.

Akashusha pumzi, akavua viatu, akalala usingizi wa pono.