Betri za Kaburi la Fanwell

Kama wewe ni mwanaume, sikiliza mpaka mwisho halafu uniambie naongopa. Wengi wamejaribu. Kuna mwalimu mumoja alicheka mpaka machozi. Nikamuambia sawa, njoo saa sita ya muchana nikupeleke kwenye lile kaburi, uweke mukono. Mpaka leo ana shughuli. Mimi shule niliiacha mapema, lakini macho sikuyaacha kule.

Hapa Kashikishi, kando ya ziwa, kulikuwa na mutu anaitwa Kasonde. Maringo yake yalikuwa muziki. Zamani alibeba gramafoni ya kufunga kama sanduku, sindano butu, ikiimba kama mbuzi mwenye mafua. Siku Mulumba, muchuuzi wa Kilwa ya Kongo, alipovuka ziwa na radio ya kaseti, mupya, spika mbili, Kasonde akatoa gramafoni, akaongeza magunia ya samaki, akaichukua. Tangu siku ile hakutembea tena, alipita. Radio begani, hata akienda chooni.

Ndani ya nyumba yake alikuwa Olipa. Huyu alikuwa muke wa mukubwa wake kwa kuzaliwa, Fanwell, aliyekufa kwa kikohozi. Wazee wakakaa, wakamurithisha mudogo, kama desturi ilivyo. Kasonde alitaka kitu kimoja tu kwa yule mwanamuke: amuangalie vile alivyokuwa akimuangalia Fanwell. Alifikiri muziki utamufungua. Wapi. Olipa alipika, alifua, aliitika “ee mukwai” ya heshima, akaangalia ukuta.

Sasa, radio ile ilikula betri kama bata anavyokula chisense, dagaa wetu, juu ya mukeka. Na mwaka ule betri zilikosa madukani, zilikosa pamoja na sabuni. Kila mutu anajua dawa yake: betri ikichoka unaianika juani, inapata nguvu ya nyimbo mbili tatu. Lakini huku kwetu chini ni muchanga, juu ni nyasi. Bati ni la wenye maduka. Kitu kilichoshika joto kuliko vyote kilikuwa kaburi la Fanwell. Marehemu alinunua simenti amujengee Olipa nyumba, akafa magunia hayajafunguliwa, basi wakafungua machache wakamufunika nayo yeye mwenyewe. Kasonde akawa anapanga betri pale, juu ya kifua cha mukubwa wake, anapiga muluzi.

Zilipata nguvu kweli. Kuliko mupya.

Ndipo siku moja, katikati ya rumba, gitaa limepanda, mutu akakohoa. Kasonde akasema ni wale wanamuziki, wanavuta sana. Kesho yake kikohozi kikatokea kwenye wimbo mwingine, kisha kwenye habari za radio, kikavu, mara mbili, na pumzi ndefu nyuma yake. Nyumba ikanuka simenti mbichi. Olipa alikuwa anasonga ubwali. Mukono ukasimama ndani ya sufuria.

Halafu sauti ikasema, taratibu, kama mutu aliyerudi kutoka nyavuni: “Olipa, leta maji ninawe.”

Na Olipa akainuka, jua likiwa kichwani kabisa na kuku wamelala kivulini na hakuna hata upepo wa kutingisha nyasi, akachota maji, akapiga magoti mbele ya ile radio kama bibi anavyopiga kwa bwana wake, akamimina polepole kutoka kikombe, na maji yakaanguka, Kasonde aliyaona yakianguka, lakini muchanga chini ya radio haukulowana.

“Unafanya nini?” Kasonde aliuliza.

“Bwana ameomba maji.”

“Bwana ni mimi.”

Olipa akamimina tena. Alikuwa anaiangalia radio. Ule uso ambao Kasonde aliutamani tangu siku ya kurithi, ulikuwa pale, umefunguka wote, kwa ajili ya kisanduku.

Akamukimbilia Mama Régine, yule Mukongo anayeombea watu sokoni kwa maji na chokaa nyeupe. Mama Régine hakupita mulango. Alinusa, akasema angekuwa jini la ziwa angemufukuza mara moja, huyu ameitwa. “Kila siku unapanda kifuani mwake unachukua moto wake,” akamuambia. “Murudishie. Betri zizikwe palepale, na hiyo radio ife njaa.”

Zikazikwa. Chokaa ikapakwa mulangoni, maombi yakafanywa, nyumba ikarudi kunuka samaki. Mama Régine alisema radio itupwe. Kasonde akaifunga ndani ya kitenge, akaiweka. Maringo hayafi haraka.

Siku alipotoka kuuza samaki, rumba aliisikia tangu kwenye kona. Akamukuta Olipa chini, udongo wa kaburini mpaka viwiko, radio mapajani.

“Olipa, tuizime. Nakuomba.”

“Wewe wazee walikupa mimi,” akasema bila kupandisha sauti. “Yeye alinichagua. Nyamaza, anataka kusema.”

Kasonde akamupokonya, akarukia mutumbwi, akapiga kasia kwenda kuizamisha. Waliokuwa wanaanika chisense walimuona mbali pale, amesimamisha kasia, ameinama kando, anachota maji kwa viganja viwili na kuyamimina ndani ya mutumbwi, kwa heshima, kama mudogo anavyonawisha mukubwa, anainama tena, anachota tena, kila mara chini zaidi, chini zaidi, mpaka waliobaki kuangalia wakaona mutumbwi peke yake. Ulirudi wenyewe. Radio ndani, kavu. Kasonde maji yalimutapika upande wa Puta.

Haya, cheka. Lakini kuna sehemu niliiruka.

Nyuma ya Fanwell na Kasonde mama yao alizaa mwingine, Ackson. Ackson ni mimi. Wazee wamekaa, wamemaliza. Jana Olipa alileta vitu kwangu: sufuria, mukeka, kile kitenge na kilicho ndani. Ananiitikia “ee mukwai”, anaangalia ukuta. Asubuhi hii amemaliza kupaka simenti juu ya Kasonde, kwa mikono yake, na akagawa betri: nyingine kule kwa Fanwell, nyingine huku kwa Kasonde.

Limebaki gunia moja la simenti, halijafunguliwa. Limewekwa pembeni ya kitanda changu. Nikamuuliza ni la nini.

Akaniangalia.