Biskuti Hajawahi Kuchunga Kondoo

Jirani yangu Noelene Hartigan huamka alfajiri. Huchemsha chai, humfichia Biskuti kidonge ndani ya kipande cha jibini, kisha wanatoka wote wawili kwenda kutembea mtoni. Biskuti ni mbwa jike wa miaka tisa, na ana kifafa. Akikosa kidonge hicho asubuhi au jioni, huanguka na kutetemeka. Mji wetu wa Wirrabilla ni mji wa kondoo, na mbwa wa aina yake huzaliwa kwa kazi ya kuchunga. Biskuti kondoo anawajua kwa mbali tu.

Mwaka huu Noelene na mumewe, Col, waliachana baada ya miaka thelathini na moja. Nyumba hawakuigombania. Waligombania mbwa.

Jumamosi moja Col alisimama getini kwa Noelene. Mimi nilikuwa namwagilia maua yangu, na masikio hayana kifuniko.

"Nitamchukua mwisho wa mwezi," alisema. "Ile chipu ya utambulisho chini ya ngozi yake ina jina langu. Halmashauri inanitambua mimi."

"Na dawa zake, Col?" aliuliza Noelene.

"Nitajifunza. Halafu yule ni mbwa wa kazi. Mbwa wa kazi huenda na mwenye kazi."

Col hukata manyoya ya kondoo. Baa zote za wilaya zimemsikia akimsifu Biskuti kwa kuchunga.

Noelene alikuja jikoni kwangu. Hakulia. "Jina ni lake kweli," alisema. "Siku ya kumwekea chipu mimi nilikuwa kazini. Yeye ndiye aliyejaza fomu."

"Basi tumfiche kwangu. Col akiuliza, tutasema ameruka ua."

"Shoga, mbwa huyu hawezi kuruka hata ndoo."

Kila Jumatano mwanasheria wa msaada wa bure, Voula Kostakis, huketi maktaba ya mji. Tulikwenda. Nilimweleza mpango wangu wa kumficha mbwa, nikitegemea sifa.

"Usithubutu, mama," alisema Voula. "Mahakama ikijua, mtajiharibia wenyewe."

Kisha akamgeukia Noelene. "Jina kwenye chipu ni jambo moja tu. Tangu Juni 2025, sheria ya familia hapa Australia inamtaja mnyama wa nyumbani kando na mali nyingine. Hahesabiwi tena kama kabati. Mahakama huuliza: Nani amemtunza? Nani amempeleka kwa daktari? Nani ana mapenzi naye, wakiwemo watoto? Nani ataweza kumtunza kesho bila msaada wa mwenzake? Huuliza pia kama kuna aliyemtesa mnyama au kutishia kumtesa, na kama kuna ukatili ndani ya nyumba."

"Col hajawahi kumpiga mtu wala mbwa," alisema Noelene haraka.

"Vizuri, na usimsingizie. Je, mahakama inaweza kuwagawia siku, wiki kwako, wiki kwake? Haiwezi. Humpa mmoja."

"Na hilo la mbwa wa kazi?"

"Hilo ndilo la kuangalia. Mbwa wa shamba haingii katika kifungu hiki. Huyo hugawanywa kama mali nyingine. Biskuti amefanya kazi shamba gani?"

Noelene akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Voula alimtuma kwa daktari wa mifugo. Daktari alichapa kumbukumbu za miaka tisa. Kila ziara ilikuwa na sahihi ya Noelene. Alizisoma ukurasa kwa ukurasa mezani kwangu, na nikaona mabega yake yakinyooka. "Nilidhani nilikuwa nampa dawa tu," alisema. "Kumbe hii ni kazi. Nimeifanya vizuri."

Kabla ya kwenda mahakamani, Noelene na Col walikwenda kwa msuluhishi. Mambo ya chumba kile ni siri, nami nisingeyajua kama Col mwenyewe asingeyasimulia baa.

"Msuluhishi aliniuliza Biskuti hupewa kidonge saa ngapi," alituambia. "Sikujua. Akaniuliza amechunga shamba gani. Mwisho nikasema kweli: siku ya maonyesho ya mifugo kondoo mmoja alimtazama, naye akajificha chini ya gari langu. Nimewadanganya miaka saba."

Mzee mmoja akamnunulia bia. Nilimwonea Col fahari siku ile. Si kila mwanaume hukiri mbele ya wakata manyoya wenzake.

Walikubaliana Biskuti abaki na Noelene. Voula aliandika makubaliano, na mahakama ikayapa nguvu ya amri. Col huja Jumapili kumtembeza mbwa. Hilo halimo katika amri, ni wema wao wenyewe. Sasa kidonge cha Jumapili jioni hukitoa yeye.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza Noelene halmashauri kubadilisha jina la mmiliki kwenye chipu. Alivaa koti lake la kwendea harusi za watu. Karani akachukua kalamu.

"Mmiliki?"

"Noelene Joy Hartigan," alijibu kwa sauti, neno kwa neno, mpaka watu kwenye foleni wakageuka.

"Ni mbwa wa kazi?"

"Hapana," alisema Noelene. "Ni wangu."