Pini ya King'ora

Githinji alikutwa amekaa. Hilo ndilo lililomkera Inspekta Ndambuki kabla hata hajavaa glavu. Maiti ilikuwa kitini nyuma ya meza ya biashara, mgongo umeegemea mabati, miwani bado puani. Ilikuwa saa moja kasorobo asubuhi, soko la Muthurwa, na watu walishajaa mlangoni wakinyoosha simu juu ili wapige picha.

"Waondoe hawa," alimwambia Koplo Triza. "Atakayebaki na simu mkononi, simu hiyo ni kielelezo."

Walitawanyika upesi. Wakenya hatuogopi maiti, tunaogopa kupoteza simu.

Kibanda kilikuwa kidogo, watu watatu wakisimama mmoja anakanyagwa. Marehemu alikuwa akiuza vikorokoro vya kuning'iniza kwenye funguo: vitochi vya ukubwa wa kidole gumba, visu vya kukunja, filimbi, vifungua-chupa, bisibisi za kuingia mfukoni. Na ving'ora vya kujikinga, vile ambavyo ukichomoa pini vinapiga kelele mpaka mtaa unaamka. Kila kitu kilikuwa kwenye msumari wake. Hakuna kilichoguswa.

Jeraha lilikuwa moja tu, chini ya sikio la kushoto.

"Si kisu," alisema daktari wa polisi. "Kisu kinaacha mpasuko. Hili ni tundu la mviringo. Chuma chembamba, chenye ncha, kimeingia mara moja."

"Saa ngapi?"

"Kati ya kumi na moja na kumi na mbili alfajiri. Lakini njoo uone hapa, Inspekta."

Alikuwa amefungua kinywa cha maiti. Kwa kibano akatoa kipande cha chuma kisichofika urefu wa kidole, chenye pete ndogo upande mmoja. Kwenye pete kulikuwa na kipande cha uzi mweusi. Kwenye ncha kulikuwa na uchafu wa manjano uliokauka.

"Pini ya king'ora," alisema Triza.

"Hesabu vilivyo ukutani."

Triza alihesabu mara mbili. "Thelathini na kimoja, Afande. Vyote vina pini."

"Basi hii haikutoka humu. Imekuja na mwenyewe."

Ndambuki aliiinua kwenye mwanga. Mtu aliyeua na kukimbia angemwelewa. Huyu alikuwa amesimama, akamfungua marehemu mdomo, akamlisha chuma. Hiyo ni chuki yenye jambo la kusema, na Ndambuki alitaka kulijua.

Nje alimkuta mke wa marehemu. Waruguru alikuwa mwanamke mwembamba aliyefunga leso kichwani, ameshika chupa ya chai aliyomletea mumewe. Hakuwa akilia.

"Pole sana, mama."

"Pole nimepewa na soko zima. Nataka jina."

"Mumeo alikuwa na adui?"

"Muulize Ryan wa kibanda cha pili. Tangu Githinji apate wateja, yeye hapati usingizi." Akakaza kifuniko cha chupa ingawa kilikuwa kimekaza. "Unasikia wanavyosema, Inspekta? Mwili haujapoa, tayari wanasema lazima alimuuzia mtu kitu kibovu. Mume wangu alikuwa akijaribisha kila kitu mbele ya mnunuzi. Kila kitu. Wamemuua, sasa wanamwita tapeli. Mimi sitamzika na jina hilo."

"Nipe siku chache."

"Nitakuja kituoni kila siku mpaka uchoke na uso wangu."

Na kweli alikuja.

Ryan alihojiwa mchana huo. Kijana wa miaka ishirini na sita, kofia imegeuzwa nyuma, goti halitulii chini ya meza.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Kwa hao, mkubwa, nyumbani. Nilikuwa nimelala. Uliza landilodi, alinigongea mlango saa kumi na moja juu ya maji, tukachota mpaka kumi na mbili."

"Tutamuuliza. Wewe na Githinji mlikuwa na ugomvi gani?"

"Ugomvi wa kawaida tu. Biashara."

"Biashara gani?"

"Tunauza vitu sawa, lakini watu wote wanaenda kwake. Naskia vibaya, si ni ukweli?"

"Ving'ora unauza?"

"Nauza. Lakini zangu pini ni ya plastiki. Cheki mwenyewe."

Triza alikwishachunguza. Zilikuwa za plastiki. Ndambuki akabadilisha njia.

"Nani alikuja kumlalamikia Githinji karibuni?"

Goti la Ryan likatulia. "Hakuna aliyelalamika. Lakini kuna mzee fulani."

"Mzee gani?"

"Sikumjua. Vidole vyeusi, kama vya mtu wa rangi ya viatu. Wiki mbili zimepita. Alisimama mbali akimwangalia Githinji akijaribishia watu. Alikuwa ameshika kitu kwa kimfuko cha ngozi. Nikamuuliza, mzee, unataka nini? Akaniuliza kama vitu vya huyu jamaa vinafanya kazi."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumbuki."

"Ryan. Nina chumba kingine pale nyuma, hakina dirisha. Kinasaidia sana kumbukumbu."

"Nilimwambia tu, hivyo tu, mambo ya soko. Kwamba Githinji ana betri moja poa ya kujaribia. Ukigeuka anatoa, anaweka iliyokufa."

"Ulimwona akifanya hivyo?"

Ryan alitazama meza. "La. Nilitaka mzee anunue kwangu."

Ndambuki alitamani sana kuwe na kifungu cha sheria cha kumfunga mtu kwa mdomo wake.

"Alinunua?"

"Hakununua. Alienda tu."

Landilodi alithibitisha habari ya maji, na Ryan akaachiliwa. Kesho yake maabara ikapiga simu. Uzi ulikuwa umepakwa nta. Uchafu wa manjano ulikuwa gundi ya viatu. Tundu la mviringo, uzi wa nta, gundi, vidole vyeusi. Ndambuki hakungoja gari. Yeye na Triza walikwenda soko la Kariokor kwa miguu.

Katika safu ya mafundi wa ngozi alimwonyesha uzi fundi wa kwanza aliyemkuta akikata kamba za viatu vya akala. Fundi aliuviringisha kati ya vidole.

"Huu umesokotwa kwa mkono. Sisi wengine tunanunua wa kiwandani. Ni Mzee Opicho pekee anayejisumbua hivi. Yule pale mwisho." Akashusha sauti. "Lakini mwendeeni polepole. Alizika binti yake mwezi wa tatu."

Mzee Opicho alikuwa akishona mkanda. Alipowaona hakusimama wala hakuuliza. Alimaliza tundu aliloanza, akakata uzi, akaonyesha kwa kidevu chombo kimoja kwenye rafu, chuma chembamba chenye mpini wa mbao.

"Msharasi ni ule. Nimeuosha, lakini mbao hunywa damu. Chukueni."

Kisha akavua shingoni kamba iliyoshika king'ora ndani ya kimfuko cha ngozi nyekundu, kazi safi, mshono mdogo mdogo. Tundu la pini lilikuwa wazi. Akakibusu, akamkabidhi Triza.

Katika chumba cha mahojiano alikataa maji.

"Jina lako kamili, Mzee?"

"Niandike Baba Eve. Inatosha."

"Utakayosema hapa utayarudia mbele ya Inspekta Mkuu ambaye hashughuliki na kesi hii. Ndiyo sheria. Unaelewa?"

"Nitayarudia hata sokoni."

"Eve alipatwa na nini?"

"Unaniuliza mimi? Faili si liko hapa kwenu?"

Triza alikuwa amekwisha kulitoa. Eve Opicho, miaka ishirini na mitatu, fundi cherehani katika kiwanda cha nguo Industrial Area. Alitoka nyumbani Majengo saa kumi na moja alfajiri kwenda zamu. Wanaume wawili walimkamata kando ya reli. Alipatikana amekufa, funguo mkononi, pini ya king'ora imechomolewa. Vitu vyake alikabidhiwa baba yake.

"Kulikuwa na nyumba hatua ishirini kutoka pale," alisema Opicho. "Nilikwenda kuzihesabu hatua. Nikagonga kila mlango. Mlisikia kitu? Hatukusikia. Binti yangu alichomoa ile pini, afande. Alifanya nilivyomfundisha. Kikanyamaza."

Mzee aliinua macho, akamtazama Ndambuki.

"Waliomuua mmewapata?"

"Hapana, Mzee."

"Mnawatafuta?"

Ndambuki alitazama tarehe ya mwisho kwenye faili. Ilikuwa ya mwezi wa nne. Aliona aibu, na hakuificha. "Hapana."

"Basi. Hao sikuwajua. Muuzaji nilimjua, na nilijua anafungua saa ngapi. Na yeye nilimwendea saa kumi na moja, saa ya Eve."

"Alikijaribisha ulipokinunua?"

"Alikijaribisha. Kikalia mpaka mama wa ndizi akaziba masikio. Nilifurahi kama mjinga. Nikakipeleka kwangu nikakivisha ngozi, nikakibandika na kukishona, ili binti wa fundi asitembee na plastiki tupu. Baadaye ndipo nikaambiwa habari ya betri."

"Nieleze alfajiri ile."

"Mlango ulikuwa umeinuliwa nusu. Nikaingia, nikauteremsha. Nikampa hiki king'ora, nikamwambia, ulimuuzia mwanangu kifo. Hakunikasirikia. Akakaa, akavaa miwani, akakigeuzageuza. Akasema, 'Pole, Mzee. Hebu tazama, hapa kwenye tundu la pini…' Uongo mwingine sikuutaka. Nikamdunga. Kisha nikamlisha pini yake."

"Kwenye tundu la pini kuna nini?"

"Sijui. Hakumaliza."

"Hukumwacha amalize, Mzee."

"Eve nani alimwacha amalize?" Opicho alisema polepole, na macho yake yalikuwa makavu kabisa. "Sijuti. Andika hivyo. Ningemkuta mzima leo ningerudia."

Triza aliandika. Ndambuki alikichukua king'ora, akakitia kwenye mfuko wa ushahidi, akakipeleka maabara yeye mwenyewe. Sentensi ile iliyokatwa ilimkosesha raha. Mtu anayedanganya hujitetea. Githinji alisema pole, akavaa miwani.

Siku ya tatu mtaalamu alimwita. Alikuwa amekata mshono na kubandua ngozi. Betri ilikuwa nzima, imejaa. Lakini gundi ilikuwa imetiririka ndani ya tundu la pini, ikakauka juu ya vibati viwili ambavyo hugusana pini ikitoka. Pini ilitoka, vibati havikugusana. Mtaalamu alipangusa gundi kwa dawa, na king'ora kikalia hadi askari wa chumba cha pili akaja mbio na bunduki.

Ndambuki alirudi kituoni. Waruguru alikuwa kwenye benchi lake, kama kila siku. Alimweleza yote pale pale.

"Kwa hivyo Githinji hakumwibia."

"Hakumwibia. Alimuuzia kitu kizima. Na alikuwa akimwonyesha kosa lilipo."

Waruguru alifunga macho kidogo. "Mzee anajua?"

"Bado."

"Mwambie mbele yangu."

Sheria haisemi mjane ana haki hiyo. Ndambuki alifikiria faili la Eve lililokaa bila kuguswa tangu mwezi wa nne, akaona siku hiyo sheria ingoje kidogo. Akamfungulia mlango.

Opicho aliletwa, pingu mikononi. Ndambuki alitandaza mezani ngozi nyekundu iliyobanduliwa, picha ya tundu kabla halijasafishwa, na ripoti. Hakueleza chochote. Mzee aliacha ripoti, akavuta picha. Akaitazama. Akaigusa ile gundi kwenye picha kwa ukucha, kama anayetaka kuibandua. Kazi yake aliijua.

"Niliipaka mara mbili," alisema. "Isije ikabanduka."

Akairudisha picha mezani.

"Hapa kwenye tundu la pini," alisema Opicho, kwa sauti ya chini, "kumeingia gundi." Alirudia. "Hilo ndilo alilotaka kuniambia."

"Ndiyo, Mzee."

"Ni mimi, basi. Wote wawili ni mimi." Alimgeukia Ndambuki kwa pupa. "Afande, nitakubali kosa. Waambie wasinipe kifungo. Waninyonge, na waninyonge upesi."

"La," alisema Waruguru.

Opicho alimtazama kwa mara ya kwanza. Hakuhitaji kuambiwa ni nani.

"Nilikuja na mate ya kukutemea," alisema Waruguru. "Tangu siku ile nayahifadhi. Nimekuapiza usiku na mchana ufe. Sasa nakuombea, Mzee. Nakuombea kwa jina la Mungu wako na wangu. Akupe umri mrefu. Akupe afya, macho yaone, masikio yasikie, akili isipotee hata dakika moja. Uamke kila siku saa kumi na moja, na uikumbuke gundi."

Mzee aliinamisha kichwa mezani juu ya ile ngozi nyekundu, akaanza kulia. Alilia kwa sauti iliyosikika hadi kwenye korido, akimwita Eve, akimwita na Githinji, mtu ambaye jina lake alikuwa hajalitaja hata mara moja.

Waruguru hakungoja amalize. Alichukua ripoti iliyokuwa mezani, akamwuliza Ndambuki kama angeweza kupata nakala yenye muhuri.

"Ya nini, mama?"

"Ya kusoma Muthurwa, katikati ya soko, mchana watu wakijaa. Nitaanzia mbele ya kibanda cha Ryan."

"Ryan sheria haimgusi."

"Najua," alisema Waruguru, akaikaza leso kichwani. "Ndiyo maana naenda mwenyewe."

Ndambuki alipiga muhuri nakala mbili, moja ya kusoma, moja ya kumwachia Ryan.